Uliza Kwanza: Meno ni Mangapi?

Mwanafunzi akiniletea data ya utafiti wa meno, siangalii grafu zake kwanza, wala simwulizi ametumia programu gani ya kompyuta. Namwuliza meno ni mangapi. Mara nyingi hunijibu kwa idadi ya vipimo: "Mwalimu, ni 390." Ninarudia swali, kwa sababu nimemwuliza meno. Akishashuka kutoka 390 hadi 30, ndipo tunaweza kuanza kuzungumza.

Nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa afya mjini Kitui. Kwetu ni upande wa Kibwezi, Makueni, ambako maji ya visima vingine yana floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Nilisoma na wenzangu wenye madoa ya kahawia menoni, wengine wakificha mdomo kwa kiganja kila walipocheka. Mimi si daktari wa meno. Lakini utafiti wa meno unaofanywa katika kaunti hizi mbili hupita mezani kwangu kabla haujafika kwa wakubwa, na yapo mambo ambayo lazima yasemwe hadharani na si katika pambizo za tasnifu peke yake.

Chukua mfano wa swali ambalo wanafunzi hulipenda. Daktari anapoziba jino kwa ile plastiki yenye rangi ya jino, huigandisha kwa taa ya buluu. Taa hutoa joto, na plastiki yenyewe hutoa joto inapoganda. Je, joto hilo likipenya hadi kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na neva, linaweza kukiua? Mwanafunzi anachukua meno 30 yaliyong'olewa. Anapitisha waya mwembamba wa kupimia joto mpaka ndani ya chemba ya kiini, analiweka jino katika maji yenye nyuzi 37 kama mwilini, kisha anawasha moja ya taa tatu anazolinganisha. Anasoma kipimo kila baada ya sekunde 5 kwa dakika nzima. Ukijumlisha na kile cha kabla ya taa kuwashwa, kila jino lina vipimo 13. Meno 30 mara 13 ni 390.

Sasa anaketi mbele ya kompyuta na kuvimimina vyote 390 pamoja, kana kwamba kila kimoja kimetoka kwenye jino lake. Programu haimkatazi. Inamletea thamani ya p ndogo mno, yenye sufuri tatu baada ya nukta, kana kwamba tofauti hiyo ni nadra kutokea kwa bahati tu, naye anaandika kwamba taa ya kwanza ni salama kuliko ya pili. Msimamizi anafurahi. Hakuna aliyedanganya, na kila kipimo kilichukuliwa kwa uangalifu, lakini hitimisho halina miguu.

Mbuzi mmoja ukimpima uzito mara 13 sokoni, hujapata mbuzi 13. Jino nalo ni hivyo hivyo. Lenye dentini nene litapitisha joto polepole katika sekunde ya 10, na ya 15, na ya 60 pia. Lenye dentini nyembamba litapata joto haraka tangu mwanzo hadi mwisho. Vipimo vya jino moja ni ndugu wa tumbo moja, na kipimo cha kumi na tatu hakikuambii mengi ambayo kumi na viwili vya kwanza havikukwambia. Tuseme uhusiano wao ni 0.8, katika kipimio kinachoanza 0 na kuishia 1. Hesabu yake ni fupi: 12 mara 0.8, ongeza 1, unapata 10.6. Gawanya 390 kwa 10.6. Taarifa inayobaki ni ya vipimo 37 hivi vinavyojitegemea. Yule aliyeingia na 390 ana 37, na programu ilimwamini kwa 390.

Wapo wanaoliona tatizo hilo na kulikwepa kwa njia mbaya zaidi. Wanalinganisha taa katika sekunde ya 5, kisha ya 10, kisha ya 15, hadi dakika iishe: majaribio 12 ya takwimu, kila moja likiruhusiwa kukosea mara 5 katika 100. Kama majaribio hayo yangekuwa hayahusiani, uwezekano wa kupata angalau "tofauti" moja ya uongo, hata pale ambapo taa zote ni sawa kabisa, ungekuwa asilimia 46. Halafu tasnifu inatangaza kwamba tofauti ilionekana katika sekunde ya 35. Kwa nini ya 35 na si ya 30? Hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna kilichotokea katika sekunde ya 35.

Vitabu vya takwimu vina dawa ya ugonjwa huu, na baadhi ni dawa za zamani. Ipo anova (uchanganuzi wa mtawanyiko) ya vipimo vya kurudiwa, ambayo wanafunzi wengi hufundishwa na kuishia hapo. Inadai sharti gumu: tofauti kati ya nyakati zozote mbili ziwe na mtawanyiko ulio sawa. John Mauchly alitoa jaribio la kukagua sharti hilo mwaka 1940, na mwaka 1959 Greenhouse na Geisser wakatoa njia ya kusahihisha hesabu pale linapovunjwa. Kwa joto la jino huvunjwa kirahisi, maana kipimo cha sekunde ya 10 kinafanana na cha 15 kuliko kinavyofanana na cha 60. Isitoshe, anova hiyo katika sura yake ya kawaida humtupa nje mhusika mzima akipungukiwa na kipimo kimoja. Waya ukiteleza katika sekunde ya 40, jino zima limekwenda, na vipimo vyake vizuri vya mwanzo vimekwenda nalo.

Mwaka 1982 Nan Laird na James Ware walichapisha njia pana zaidi, inayoitwa leo modeli mseto. Ndani yake kila jino hupewa tabia yake, yaani mahali pake pa kuanzia na kasi yake ya kupanda, na hesabu ya taa hufanywa juu ya tabia hizo. Kipimo kilichokosekana hakilifukuzi jino, mradi hakikupotea kwa sababu inayohusiana na joto lenyewe. Programu ya R, isiyouzwa kwa senti moja, hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo ya kawaida. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba Kitui hatuna uwezo. Fedha siyo kikwazo hapa.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi mwenye meno 30 na swali moja, mimi humshauri njia nyepesi kuliko hiyo, na sioni aibu kuitetea mbele ya jopo lolote. Mwaka 1990 Matthews, Altman, Campbell na Royston waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kwamba vipimo vya mfululizo mara nyingi vinaweza kufupishwa kuwa namba moja kwa kila mhusika. Kwanza jiulize unachotaka kujua kuhusu jino hili. Je, ni joto la juu kabisa lililofikia? Ni sekunde ngapi lilikaa juu ya kiwango cha hatari? Au ni joto lote lililopokelewa katika dakika nzima? Chagua moja, ihesabu kwa kila jino, kisha linganisha namba 30 za meno 30. Hesabu hiyo anaiweza mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mama mwuza ndengu wa Wote akielezwa ataielewa. Mimi naona huo ni ubora mkubwa, kwa sababu matokeo yanayoeleweka na mtu mmoja tu hospitalini hayana wa kuyakagua.

Ugumu unahamia kwenye kuchagua namba hiyo, na hapo takwimu peke yake haitoshi. Lazima umjue mgonjwa.

Karibu kila tasnifu ya joto la kiini hutaja nyuzi 5.5 kuwa kiwango cha hatari. Namba hiyo ilitoka kwa Zach na Cohen, mwaka 1965, waliopasha joto meno ya tumbili aina ya rhesus. Joto la kiini lilipopanda kwa nyuzi 5.5 hivi, asilimia 15 ya viini vilikufa. Lilipopanda kwa nyuzi 11 hivi, vikafa asilimia 60. Baadaye, mwaka 1997, Baldissara na wenzake nchini Italia walipasha joto meno ya watu na kuona kwamba kiini kilistahimili ongezeko la takriban nyuzi 11. Kwa hiyo 5.5 si ukuta uliojengwa na Mungu. Ni alama ya tahadhari kutoka kwa tumbili, na anayeitumia aseme hivyo.

Lakini itazame tena ile asilimia 15. Joto lilikuwa lile lile, na meno mengi yakapona, na mengine yakafa. Mgonjwa hazibwi jino la wastani, anazibwa jino lake. Taa inayopandisha joto kwa wastani wa nyuzi 4 inaonekana salama kwenye jedwali, ilhali katika meno 10 huenda mawili yalifika 7, na ni hayo mawili ambayo yangerudi kliniki baada ya miezi michache na usaha. Mtafiti aliyelinganisha wastani wa kila sekunde hataona kitu. Aliyehesabu meno mangapi yalivuka kiwango atayaona. Data ni ile ile, waya ni ule ule, na jibu linalomfikia mgonjwa wa Ikutha linategemea swali lililoandikwa kabla ya taa kuwashwa.

Nasisitiza kabla. Njia ya uchanganuzi ikichaguliwa baada ya grafu kuonekana, macho yameshaegemea upande mmoja, na mtu mwaminifu kabisa atachagua inayompendeza bila kujijua.

Kuna jambo la kwetu hasa ambalo vitabu vya ng'ambo havina haja ya kuligusa. Maabara za huko zina viyoyozi. Zetu zina madirisha. Asubuhi ya Julai mjini Kitui watu huvaa sweta, na adhuhuri ya Februari kule Makindu hata sakafu inatoa joto. Mwanafunzi akipima taa ya kwanza asubuhi, ya pili saa sita na ya tatu alasiri kwa kuwa ndivyo ilivyomfaa, atakuwa ameipima hali ya hewa na kuiandikia jina la taa. Maji ya nyuzi 37 hayamwokoi kikamilifu, maana ncha ya juu ya jino na mkono wa taa viko hewani. Dawa yake haina gharama. Piga kura. Andika majina ya taa kwenye vikaratasi, changanya, uvute kimoja kabla ya kila jino, na uandike joto la chumba pembeni ya kila mfululizo. Modeli yoyote ya takwimu itakushukuru. Kura isipopigwa, hakuna modeli itakayorudisha kilichopotea, na mimi siku hizo huwa sina la kumwambia mwanafunzi isipokuwa arudie.

Vivyo hivyo kwa meno yaliyotoka mdomo mmoja. Chupa ya meno 30 inaweza kuwa ya watu 30 au ya watu 12. Meno manne ya mzee mmoja yana umri mmoja na yamekunywa maji ya kisima kimoja. Yanafanana kama vipimo vya jino moja vinavyofanana, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Hospitali nyingi huyaweka pamoja bila alama yoyote, na taarifa hiyo ikishapotea haipatikani tena. Ningependa kila chupa iwe na namba ya mtu, isiyotaja jina lake, tangu siku jino linapotoka. Kazi hiyo ni ya dakika moja kwa muuguzi mwenye kalamu.

Watu wa Kitui na Makueni tuna sababu ya kulitia jambo hili maanani kuliko wengi. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya kuvu, katika mahindi iliwapata watu 317 waliotambuliwa, na 125 kati yao wakafa, wengi wakiwa wa wilaya hizi zetu mbili. Wachunguzi wa Kenya na wenzao kutoka Marekani walikwenda masokoni wakachukua sampuli 350 za mahindi na vyakula vya mahindi, kwa wauzaji 243, katika masoko 65. Asilimia 55 ya sampuli zilikuwa juu ya kikomo cha wakati huo cha sehemu 20 za sumu kwa bilioni, na asilimia 7 zilipita 1,000. Kila ninapofundisha somo hili nazirudia zile namba tatu: 350, 243, 65. Wachunguzi walizitoa zote. Madebe mawili ya mwuzaji mmoja huenda yalitoka ghala moja, na wauzaji wa soko moja huenda walipakua lori moja. Msomaji aliyepewa namba zote tatu anaweza kupima mwenyewe uzito wa ushahidi. Uchunguzi mwingine wa mkasa ule ule ulilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 ambao hawakuugua. Wagonjwa hao 40 hawakuongezeka kwa kuwa damu yao na mahindi yao vyote vilipimwa.

Tasnifu ya meno nayo itoe namba zake tatu: watu, meno, vipimo. Nimesoma nyingi zinazotoa ile kubwa peke yake.

Nikiruhusiwa kutoka kidogo kwenye takwimu, nina neno kuhusu maswali tunayoyachagua. Taa ya buluu inahitaji umeme na plastiki ya bei. Katikati ya miaka ya 1980, hapa jirani Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kuziba meno bila mashine ya kuchonga: uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, na siku hizi tundu huzibwa kwa simenti ya glasi-ayonoma inayoganda yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, na leo inatumika katika nchi nyingi. Zahanati isiyo na umeme inaweza kuitumia. Simenti hiyo huganda haraka zaidi kunapokuwa na joto, na viwanda huipima muda wake wa kukandwa katika chumba cha nyuzi 23 hivi. Je, kule Tseikuru au Mutomo saa nane mchana, daktari ana sekunde ngapi kabla haijamgandia kwenye kijiko? Na iliyoanza kuganda mapema inashika jinoni au inabanduka? Swali hilo linahusu joto, linahitaji vipimo vya kurudiwa, na ni letu. Hesabu zake ni zile zile nilizozieleza: chumba, siku, mchanganyo, kisha usomaji wa ndani ya mchanganyo mmoja. Ningefurahi kuona mwanafunzi mmoja akiliandikia pendekezo.

Nimewahi kuambiwa na mkubwa mmoja kwamba nakaza sana, kwamba haya ni meno ya chupani, hakuna mtu anayeumia. Simkubalii. Kila jino la chupa ile lilimtesa mtu. Wengi hapa kwetu hufika kliniki baada ya kukesha na maumivu siku nyingi, wakati kuziba hakuwezekani tena, na jino linang'olewa. Mama aliyepanda matatu kutoka kijijini, akaketi kwenye benchi tangu alfajiri, akaulizwa kama jino lake litumike kusomea akajibu "litumieni," ametoa kitu. Kazi iliyofanywa juu ya jino hilo ikihesabiwa vibaya, hospitali ikanunua taa kwa ushahidi huo, taa hiyo itawekwa kwenye kinywa cha mwanawe.

Ninachoomba si kikubwa. Utafiti wowote nchini unahitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na kabla yake idhini ya kamati ya maadili. Kamati zetu huuliza kwa makini kuhusu ridhaa ya mgonjwa na utunzaji wa siri, na hilo ni jema. Ziulize pia, kwenye ukurasa mmoja, mambo manne: watu ni wangapi, meno ni mangapi kwa kila mtu, vipimo ni vingapi kwa kila jino, na ni namba gani moja ya kila jino, au modeli gani, itakayojibu swali. Ukurasa huo ukiwa mtupu, pendekezo lirudi. Mwanafunzi atalia wiki moja badala ya kulia siku ya kutetea tasnifu, wakati meno yameshatupwa.

Na kaunti zetu mbili zimwajiri mtu wa takwimu wa kukaa na watafiti wa afya wakati wa kupanga. Hospitali ya rufaa ya Kitui na ile ya Makueni pale Wote zinaweza kumtumia mtu mmoja kwa zamu, siku mbili huku na siku mbili kule, na siku ya tano akavipa vyuo. Mshahara wake ni mdogo kuliko bei ya vifaa ambavyo hununuliwa kwa ushahidi usiokaguliwa. Bajeti za mwaka ujao wa fedha zitajadiliwa katika mikutano ya umma, na yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema. Mimi nitasimama Kibwezi. Naomba mwenzangu asimame Kitui.